Nani Alisema Ndiyo kwa Sauti ya Gesine?

Mlango wa studio ulikuwa wazi, na ndani Gesine Ohlendorf alikuwa anakufa.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na wiki nzima nimesimamishwa njiani nikiulizwa kama ni kweli. Ni kweli. Gesine mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini, koti la mvua mwilini, mfuko wa mikate mkononi, mzima wa afya. Sauti yake ilikuwa kwenye spika, inakata roho.

Aliyejiunga nasi leo asihangaike. Huku kwetu Berlin mtu hataki kusoma maandishi chini ya filamu. Anataka kila mgeni aongee Kijerumani. Kwa hiyo Inspekta Maud Quillan, yule mpelelezi wa tamthilia ya Kimarekani anayependwa hata na wezi, amekuwa akizungumza kwa koo la Gesine tangu nywele za wote wawili zilipokuwa nyeusi. Siku hiyo ilikuwa ya kurekodi sehemu ya mwisho. Inspekta anapigwa risasi, anafia ngazini. Gesine alikisubiri kifo hicho kama wenzake wanavyosubiri pensheni.

"Umewahi," alisema Volkmar Brinkhus bila kugeuka kutoka kwenye meza ya mitambo.

Volkmar ndiye mwongozaji. Aliwahi pia kuwa mume wake, lakini kazi hiyo iliisha mapema.

"Nimeshakufa?" Gesine aliuliza.

"Jana mchana."

"Nimekufaje?"

"Vizuri sana."

Gesine aliweka mikate mezani. Kwenye skrini Inspekta alikuwa ameshalala ngazini, macho wazi. Spika zilitoa pumzi moja ndefu, halafu kimya. Ilikuwa pumzi yake. Aliijua kama anavyojua viatu vyake.

"Nani kafanya hii?"

"Mashine. Ya Orvela."

Orvela ni kampuni ya ng'ambo. Ilianza kwa kutafutia watu viatu mtandaoni. Ikanunua tamthilia ya Inspekta. Ikanunua studio hii ya Johannisthal ambamo Inspekta hutiwa Kijerumani. Mwaka jana ikanunua hata karakana ya magemu ya kompyuta, mtaani Kreuzberg, anakofanya kazi Wiebke, binti pekee wa Gesine na Volkmar. Tuseme tu kwamba familia hii ilikuwa imebakiza daktari wa meno ambaye hajanunuliwa.

"Sikutoa ruhusa," Gesine alisema.

"Wanasema ulitoa."

"Nani anasema?"

"Yuko jikoni, anajitengenezea kahawa."

Aliyetoka jikoni alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ngumu ya baiskeli bado kichwani, kikombe mkononi, tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Gesine, hatimaye. Mimi Annika. Annika Steenbock, wa Orvela. Kwetu tunaitana majina tu."

"Kwetu tunaitana Bibi Ohlendorf."

"Vizuri sana, Gesine. Kaa."

Gesine hakukaa.

Annika hakuudhika. Alisema sheria ya nchi hii inataka ruhusa ya mwenye sauti, na Orvela inaiheshimu sheria hiyo kuliko hata baadhi ya wabunge. Akatoa simu, akaiweka kati ya mikate, akabonyeza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kike, laini kama siagi iliyoachwa juani. "Habari za asubuhi. Je, ninazungumza na Bibi Ohlendorf?"

"Ndiyo," ilijibu sauti ya pili.

"Je, unairuhusu Orvela itumie sauti yako kwa mashine katika sehemu ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Asante kwa ushirikiano wako."

"Siku njema."

Sauti ya pili ilikuwa ya Gesine.

"Hiyo nayo ni mashine yenu," Gesine alisema. "Mashine inayotoa sauti yangu ndiyo iliyoombwa ruhusa ya kutoa sauti yangu. Mmejirahisishia kazi."

"Tungefanya hivyo tungefungwa," Annika alisema. "Na tungestahili. Muulize mwongozaji wako. Masikio yake yanaaminika mji mzima."

Wote wawili wakamgeukia Volkmar. Volkmar alikuwa anakitazama kitufe kimoja cha meza yake kana kwamba kimemtukana.

"Si mashine," alisema. "Hiyo ni sauti ya Ohlendorf."

Gesine alimtazama kisogo yule mtu aliyemzalia mtoto. Alikuwa na matusi tayari, ya Kiberlin, yale yasiyochapishwa. Lakini swali likatangulia.

"Mlipiga lini?"

"Wiki ya Pasaka," Annika alisema. "Nyumbani kwako, kwenye simu ya mezani."

Matusi yakarudi tumboni.

Wiki ya Pasaka Gesine alikuwa kisiwani Rügen, anakula samaki na kutazama mvua. Nyumbani hapakuwa na mtu, isipokuwa aliyepita kumwagilia maua. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Na huyo mmoja, akipokea simu, hata mchungaji wa kanisa humwita Gesine.

Wiebke. Mwanawe wa kumzaa.

"Kuna tatizo?" Annika aliuliza.

"Kama kuna mtu alijifanya mimi, ingekuwaje?"

"Tungempeleka polisi leo hii hii. Na kama ni mtu wa kwetu, kazini asingerudi hata kuchukua kikombe chake. Unamshuku mtu?"

Studio ilikuwa kimya. Ilijengwa iwe hivyo.

"Simshuku mtu," Gesine alisema.

"Kwa hiyo umeikumbuka ile simu?"

"Nimeikumbuka."

"Ulisema ndiyo?"

"Umejisikilizia mwenyewe."

Kwa maneno hayo machache, msomaji, mwanamke aliyekuja kufanya kazi yake aliigawa kwa hiari yake mbele ya shahidi. Shahidi mwenyewe, Volkmar, aliangusha penseli.

Annika alimpa mkono. Alimkaribisha jioni kwenye onyesho la kwanza, ambalo Gesine hakuwa ameambiwa habari zake, katika sinema moja karibu na Savignyplatz. Kabla ya filamu, alisema, mashine itawasalimu waalikwa moja kwa moja, kwa sauti ya Gesine. Itasema lolote itakaloambiwa.

"Tofauti na mimi," Gesine alisema.

"Ndiyo," Annika alikubali kwa moyo mweupe. "Hilo ndilo lililotuvutia."

*

Alichukua teksi. Alimwambia dereva Kreuzberg, basi, neno moja, na dereva akainua macho kwenye kioo.

"Mama, nakujua wewe."

"Hunijui."

"Ukinyamaza sikujui. Ukisema nakujua. Wewe ni Inspekta. Mke wangu tukigombana huwa ananiwekea vipindi vyako vya zamani, nitulie."

"Unatulia?"

"Nalala." Alikata kona. "Nasikia kwenye ya mwisho anakufa."

"Anakufa."

"Ulilia ulipomwigiza?"

"Sikuwepo."

Dereva alicheka, akadhani ni mzaha. Gesine alitazama dirishani mpaka walipofika.

Karakana ya magemu ilikuwa katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha piano. Ghorofa nzima ilikuwa na meza, na nusu ya meza hizo hazikuwa na watu. Mahali palipokuwa na skrini pamebaki alama za mraba zisizo na vumbi.

Wiebke alikuwa dirishani, anakula mkate na yai. Zamani aliandika maneno ya wauza duka na walinzi wa malango ndani ya magemu, yale wanayosema mchezaji akipita. Siku hizi mashine inaandika, yeye anasahihisha tahajia.

"Mama. Nani amekufa?"

"Mimi. Jana mchana."

Wiebke aliacha kutafuna.

"Pasaka," Gesine alisema, "ulipokuja kumwagilia maua yangu, simu ililia?"

"Ililia."

"Ukaipokea?"

"Simu ikilia watu hupokea, Mama."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza kama wanaongea na Bibi Ohlendorf. Nikasema ndiyo. Kwani mimi ni Bibi nani?"

Gesine alivuta kiti cha mtu ambaye hayupo, akakaa. Hasira aliyoibeba kutoka Johannisthal ilikuwa inamchuruzika, lakini hakutaka kuiachia yote bado.

"Halafu?"

"Halafu ndipo nikaelewa wanakutafuta wewe. Wakauliza kama sauti inaweza kutumiwa na mashine. Nikasema hapana. Nikasema mama yangu hajawahi kukopesha hata mwavuli."

"Umesema hapana."

"Hapana. Neno lenyewe."

"Nimeisikia simu hiyo leo asubuhi. Inasema ndiyo."

"Basi inasema uongo."

"Na huyo aliyepiga, alijibu nini ulipokataa?"

"Alinishukuru kwa ushirikiano wangu." Wiebke aliweka mkate chini. "Hapo nikajua si mtu. Ni mfumo wao, huwa unawapigia watu simu bila mwanadamu kuugusa. Hapa Berlin ukimwambia mtu hapana hakushukuru, anakuuliza jina la mkubwa wako."

Kwa hiyo mashine iliuliza, ikajibiwa hapana, ikatoa shukrani, ikakata. Hakuna mwanadamu aliyekuwa upande wa pili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwa nini napokea simu yako."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walilijua.

"Wiebke," Gesine alisema taratibu, "mimi nimekubali. Asubuhi hii. Nimewaambia nimekumbuka, ni mimi niliyesema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili wasikufukuze."

Wiebke alimtazama mama yake muda. Macho yalikuwa ya Volkmar, lakini ule utazamaji ulikuwa wa Gesine.

"Kwa hiyo ulidhani ni mimi niliyekugawa."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza kwanza."

"Hapana."

"Ukanifichia kosa ambalo sijafanya."

"Wiebke—"

"Nataka tu nijue ninachopaswa kukushukuru."

Mwanamke aliyesema maelfu ya maneno ya watu wengine alikaa kwenye kiti cha mtu aliyefukuzwa, na maneno yake mwenyewe hayakuja. Alinyoosha mkono, akaushika wa binti yake, ule wenye makombo. Wiebke hakuutoa. Baadaye kidogo alisimama, akachukua koti.

"Unakwenda wapi? Saa za kazi hazijaisha."

"Twende huko sinema. Mwaliko wa onyesho lao umefika mpaka hapa."

"Watakufukuza."

Wiebke alizionyesha meza kwa kidevu. "Hawa wote walinyamaza, Mama. Sijaona walichookoa."

*

Waalikwa walikuwa wamejaa: waandishi wa habari, watu wa runinga, watu wa magemu wenye viatu vyeupe. Nyuma ya pazia jekundu Annika alikuwa anakunywa maji. Kofia ya baiskeli ilikuwa imetoka. Volkmar alisimama pembeni kwenye mitambo ya sauti, maikrofoni mkononi, amevaa suti aliyoivaa siku ya talaka. Ndiyo suti yake nzuri.

Gesine alifika na Wiebke ubavuni.

"Annika," alisema. Kuitwa kwa jina hatimaye kulimfurahisha Annika, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la mwisho jioni ile. "Huyu ni Bibi Ohlendorf mwingine. Ndiye aliyepokea simu."

"Niliyesema ndiyo nilipoulizwa jina ni mimi," Wiebke alisema. "Na niliyesema hapana nilipoulizwa habari ya sauti, ni mimi pia. Wewe tusikilizishe simu nzima."

Sauti ilikuwa ile ile ya mama yake. Annika alimtazama mama, akamtazama binti, akarudi kwa mama. Alikuwa mtu mwerevu, na mtu mwerevu akielewa jambo baya hakawii kupauka.

"Mimi nimeisikia hiyo hiyo niliyowasikilizisha asubuhi," alisema. "Nzima tuliipeleka studio isafishwe. Ilikuwa na kelele za maji."

"Nani aliisafisha?"

Annika alimgeukia Volkmar.

Volkmar alikuwa anaikunja waya ya maikrofoni, anaikunjua.

"Mashine haikuhusika," alisema. "Niliikata kwa mkono. Ile 'ndiyo' ya kwanza, ya jina, niliinakili, nikaibandika pale penye 'hapana'. Mambo ya mwavuli niliyatoa."

Nje ya pazia waalikwa walikuwa wanakohoa na kutafuta viti vyao.

"Baba," Wiebke alisema.

"Kwa nini?" Gesine aliuliza.

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Ungekataa, wangemleta mwingine. Walishamchagua, wa Munich. Nimemsikia. Anasema 'damu' kama anayeagiza supu. Ningekaa mezani pale nimwongoze afe mahali pako." Alikohoa. "Nyumbani nimezoea kutosikia sauti yako. Kazini sikuzoea."

"Ungeniomba, baba Wiebke."

"Nimewahi kukuomba mambo, mama Wiebke. Sina bahati na wewe kwenye kuomba."

"Kwa hiyo ukaikata ndiyo kinywani mwa mwanao."

"Ndiyo."

"Na asubuhi ukaniacha nimbebeshe yeye lawama, moyoni mwangu, mchana kutwa."

Hapo Volkmar akainamisha kichwa. Hilo, ilionekana, hakuwa amelifikiria. Alikuwa ametunza sauti na kusahau kwamba ina mwenyewe.

Annika aliweka glasi chini. "Haya nimeyasikia," alisema. "Kesho nitayafanyia kazi. Leo kuna watu mia tatu nje, na mimi nina la kuwaambia." Akaingia kati ya pazia, na makofi yakampokea.

Ndani walimsikia vizuri. Alisema enzi mpya imefika. Alisema watakayemsikia sasa hana koo, hana mafua, hana likizo, na atawasalimu moja kwa moja kutoka nyuma ya pazia hili. Alisema jambo la kushangaza ni kwamba hawataona tofauti.

Volkmar alikata sauti ya mashine, akainyoosha maikrofoni. Alimpa Gesine.

"Sema," alinong'ona. "Waambie. Ukisema mimi nimekwisha, najua. Sema."

Gesine aliipokea. Miaka yote aliisogeza maikrofoni mdomoni akiwa mtu mwingine, na sasa kwa mara ya kwanza hapakuwa na skrini ya kufuata.

"Habari za jioni," alisema. Ukumbi ukanyamaza. "Naitwa Gesine Ohlendorf. Mimi ni mtu. Nimesimama nyuma ya pazia. Ruhusa mnayoambiwa nilitoa, sikuitoa."

Mtu mmoja akacheka, cheko la kupendezwa. Wa pili akafuata. Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele, yakajaa ukumbi.

"Imenifurahisha," mwanamume wa mstari wa mbele alimwambia jirani yake. "Inajidai mtu. Umesikia ilivyomeza mate?"

"Mimi si mashine," Gesine alisema.

Makofi yakazidi. Wengine walisimama.

"Nisikilizeni. Mimi si mashine."

"Na uchungu imeuweza," alisema jirani.

Gesine aliishusha maikrofoni. Alimtazama Wiebke. Basi akaligeukia pazia, akatafuta kwa mikono ule mwanya aliopitia Annika, ajitokeze waone uso.

Mwanya aliupata. Volkmar alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili, pande zote mbili za kitambaa, na Gesine hakuweza kujua kama anaufungua au anaufunga.